Mwelewaji Mkuu na Mashine ya Urahisi

Nchi ninayotaka kuwasimulia, wajukuu zangu, msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ilichorwa na serikali yake yenyewe, na kila aliyejaribu kuifuata alijikuta amerudi mlangoni kwake. Mkiona mahali pamefanana na mnapopajua, basi ninyi mmetembea sana, mimi simo. Mimi nawaeleza kama nilivyoelezwa.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na adabu. Na adabu yao kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mkubwa akishamaliza kusema, huuliza, "Mmeelewa?" Nao wote, waliosikia na waliosinzia, hujibu kwa sauti moja, "Tumeelewaaa!" kisha makofi. Kusema hujaelewa ilikuwa kama kuingia nyumba ya mtu, ukapakuliwa chakula, ukakinusa, ukakisukumia pembeni. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Mtoto alifundishwa "nimeelewa" hata kabla ya "shikamoo".

Serikali ikaona raha. Ikitengeneza kitu kipya inaita mkutano, inaeleza, inauliza, inajibiwa, kwisha. Huo ndio waliouita utafiti. Lakini watu wakaanza kuchoka kuacha mashamba kwenda uwanjani kuelewa, huku nyuma nyani wanajichumia mahindi. Ndipo likaundwa Baraza la Waelewaji, watu wachache wa kuelewa kwa niaba ya wote. Na mwenyekiti wake, Mwelewaji Mkuu wa Taifa, ndiye huyu mtu wetu, Mzee Kondo.

Mzee Kondo alikuwa muuza mikeka. Alichaguliwa kwa sababu ya shingo. Siku moja waziri mmoja alikuwa anahutubia sokoni, na Kondo yuko mstari wa mbele na mikeka yake begani, anaitikia kwa kichwa. Si kuitikia kwa hivi hivi. Kichwa kilikuwa kinashuka polepole, kinatulia kidogo pale chini kama kimeokota kitu, halafu kinapanda, na kikifika juu kinatoa "Aaah!" ndefu. Waziri alipoisikia ile "aaah" alijisikia amesema jambo. Kesho yake gari likaja kumchukua Kondo, na mikeka akaiacha.

Basi kazi yake ikawa ni kuelewa. Alielewa bomba la maji linalofunguka kwa kuzungushia upande wa ukutani, mkono haupiti. Alielewa kituo cha basi ambacho benchi lake limeelekea ukuta, ili abiria wasishtushwe na basi. Alielewa kibao cha hospitali kilichowekwa ndani ya hospitali. Kila kimoja alikitazama, akashusha kichwa, akakipandisha, "Aaah! Nimeelewa." Na kikasambazwa nchi nzima. Jioni alikuwa anachota maji kisimani kama wengine, maana bomba lile mkono haupiti. Hakuona tatizo. Kuelewa ni kazi, maji ni maji.

*

Sasa Mzee Kondo alikuwa mjane wa muda mrefu, na jirani yake alikuwa Bi Siwatu, naye mjane, marehemu wake alikuwa fundi saa. Bi Siwatu alikuwa na mdomo, jamani. Akikusalimu tu unajikagua kama umevaa shati sawasawa. Lakini nyumba yake ilikuwa na neema fulani. Mtu ukiingia jikoni kwake mara ya kwanza, hujaonyeshwa kitu, unataka maji, kata hiyo hapo juu ya mtungi; unataka chumvi, mkono ukiunyoosha umeshaigusa. Mzee Kondo, ambaye kwake alikuwa anatafuta sufuria mpaka njaa inaondoka yenyewe, siku moja alijikuta amepika chai kwa Bi Siwatu bila kuuliza hata kilipo kijiko. Akakaa na kikombe chake, akaona, hapa ndipo.

"Siwatu," alimwambia, "mimi na wewe tunachungulia nini kwenye huu ua? Tuoane."

Bi Siwatu akaendelea kuchambua mchele wake. "Umechelewa kusema, lakini umesema. Sikiliza, mwanangu yuko bandarini, ananiita nikakae naye. Nimemwambia mwezi wa Ramadhani ukiandama nitampa jibu. Ukiandama mimi ni mke wako, nabaki. Ukiandama mimi ni jirani yako, nafunga mizigo. Sitaki kuzeekea kwenye uchumba."

"Hilo tu? Mbona dogo!"

Na kweli lingekuwa dogo. Ila mwaka ule ule Wizara ya Urahisi ilikuwa imetangaza kwamba hakuna shehe wala padri atakayefungisha ndoa bila cheti cha Mashine ya Urahisi.

Wizara ya Urahisi, niwaambie, ilikuwa kwenye jengo zuri ambalo mlango wake wa mbele ulikuwa pambo. Wageni waliingilia nyuma, kupitia stoo. Waziri wake, Mheshimiwa Machibya, alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kupenda watu na kupenda zaidi kuwahutubia. Siku anaionyesha ile mashine kwa Waelewaji alisema hivi:

"Ndugu zangu! Urahisi si jambo rahisi! Wenzetu huko nje wana mashine za vitufe vitatu vinne kwa sababu hawana uwezo. Sisi tumejaliwa! Mashine hii ina vitufe ambavyo hata aliyeviweka hajavimaliza kuvihesabu! Mwananchi akizaliwa, hapa. Akioa, hapa. Akinunua baiskeli, akifiwa, akitaka kupanda mnazi karibu na barabara, ni hapa hapa! Mmeelewa?"

Na Mzee Kondo, akiwa ameketi mbele, hajaisogelea hata kuigusa, alishusha kichwa, akakipandisha. "Aaah! Nimeelewa."

Makofi. Bendi ikapiga. Ya kwanza ikawekwa pale mjini kwa majaribio, na baada ya Mkuu wa Wakuu kuja kuizindua rasmi, zingesambazwa kila kata, na makarani wote wa madirishani warudi makwao.

*

Kwa hiyo asubuhi moja Mzee Kondo akavaa kanzu safi akaenda kuchukua cheti cha ndoa. Alijua ni jambo la kuingia na kutoka.

Mashine ilikuwa kubwa kama kabati la nguo la bibi harusi, imepakwa rangi za bendera. Katikati yake pana kitufe chekundu, kikubwa, kinang'aa, kimejaa kama chungwa, yaani ukikiona tu mkono unawasha. Mzee Kondo akakibonyeza. Kimya. Akakibonyeza tena. Kimya. Akakiegemea.

Mama mmoja nyuma yake kwenye foleni akamnong'oneza, "Hicho si kitufe, baba, ni urembo. Mke wa waziri alikipenda. Cha kuanzia kiko nyuma huko, karibu na waya wa umeme, kidogo, cha kijivu."

"Ninajua," alisema Mzee Kondo. "Nilikuwa nakisalimia tu."

Akazunguka nyuma, akapiga magoti na kanzu yake, akakipata. Kioo kikawaka. Maandishi yake madogo kama chawa, na Kiswahili chake kilikuwa Kiswahili cha kuogofya. Hakuna palipoandikwa kuoa. Kulikuwa na "Mashauri ya Kaya Tarajiwa", kulikuwa na "Uhuishaji wa Hadhi", kulikuwa na "Muungano wa Hiari wa Viwili". Akafikiri: viwili, mimi na Siwatu. Hiari, ni hiari. Akabonyeza hapo.

Mashine haikusema kitu. Haikulia, haikuwaka, haikukohoa. Mtu ukimwita mwenzio haitiki, utafanyaje? Utaita tena. Akabonyeza tena na tena, mpaka mashine ikatetemeka yote na kutema karatasi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akaenda nayo moja kwa moja kwa Bi Siwatu.

Bi Siwatu akavaa miwani ya marehemu. Akasoma. Akasoma tena.

"Kondo."

"Naam, mke wangu."

"Ngoja kwanza na huyo mke. Hapa pameandikwa umeruhusiwa kufunga tela nyuma ya lori."

"Tela?"

"Tela. Na kwa vile inaonekana ulibonyeza sana, umeruhusiwa kufunga matela mengi. Sasa niambie, Mwelewaji Mkuu, kati yangu mimi na wewe, tela ni nani?"

Mzee Kondo akatazama darini. Kwa mazoea, kichwa kikataka kushuka na kupanda. Akakishikilia kwa mkono.

*

Kesho yake akarudi. Safari hii alitaka kwanza kufuta lile la matela, maana watu wenye malori walishaanza kumpigia hodi. Akatafuta pa kurudi nyuma. Palikuwepo, kwa bahati: "Rejea Ulikotoka". Akabonyeza.

Mashine ikatema karatasi palepale, na safari hii hata wimbo ikaimba. Ilikuwa inampongeza kwa kuzaliwa.

Alidhani ni mzaha. Mchana akiwa barazani anakula muhogo, akaja nesi na kijisanduku cha barafu. Binti mpole, mwenye haraka.

"Hodi. Namtafuta mtoto Kondo. Mchanga. Mzazi wake ni nani hapa?"

"Kondo ni mimi."

Nesi akaitazama karatasi yake, akazitazama mvi. "Wewe ndiye uliyezaliwa leo asubuhi?"

"Ndiyo wanavyosema."

"Basi toa mkono, babu. Mimi nimetumwa chanjo, sikutumwa maswali. Na usile muhogo, hujaota meno."

Bi Siwatu alicheka akiwa upande wa pili wa ua mpaka akashikilia nguzo. Lakini jioni alipoleta kanga kuufunga ule mkono uliovimba, hakuwa anacheka tena. "Kondo, mtoto mchanga haoi. Kwa karatasi zao, wewe ukue kwanza, ubalehe, upate ndevu. Mimi nitakuwa udongo. Na mwezi unaandama wiki ijayo. Nenda ukawaambie hiyo mashine haieleweki."

"Nitawaambiaje? Mimi ndiye niliyeielewa!"

Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe, wajukuu zangu. Kila mtu mjini alikuwa anapata mambo yake pale kwenye mashine. Kuna aliyekwenda kuandikisha shamba la mihogo akatoka na leseni ya urubani, akashukuru, akaitundika ukutani. Kuna mzee aliyepewa kibali cha kuanika dagaa ilhali ameomba pasipoti ya kwenda Hija. Ukiwauliza, "Vipi mashine?" wanajibu, "Ah, rahisi mno!" Maana Mwelewaji Mkuu ameshaielewa, nani atoke mbele ajifanye mjinga peke yake? Kila mmoja alijua kwamba mjinga ni yeye tu.

*

Ndani ya wizara palikuwa na binti mmoja, Injinia Atupele. Yeye alisomea hasa hasa kazi hii, kutengeneza vitu viweze kutumika na mtu. Alipoajiriwa akauliza, "Mashine hii ni ya nani?" Wakamwambia ya waziri. "Hapana, nauliza ataitumia nani?" Wakamwambia swali hilo halijawahi kuulizwa, alete kwa maandishi. Akaomba ruhusa akae karibu na mashine awaangalie watu wakiitumia, Mheshimiwa Machibya akamcheka kwa upole kabisa. "Mwanangu, utafiti ulishafanyika. Mzee Kondo ameelewa. Unataka kumwaibisha mzee wa watu?"

Basi akamfuata Mzee Kondo nyumbani. Akamkuta mkono umefungwa kanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, nisamehe kuuliza. Ile mashine uliielewa?"

"Nimeelewa."

"Na huo mkono umefanya nini?"

"Chanjo."

"Ya nini, babu?"

"Ya watoto wachanga. Nimeelewa."

Bi Siwatu akaingilia kutoka jikoni. "Huyo ukimkanyaga mguu atakwambia ameelewa. Niulize mimi! Mimi ni tela!"

Atupele hakuuliza tena. Alichomoa kwenye mkoba kipande cha boksi la sabuni, akachora vitufe kwa kalamu ya makaa, akakiweka juu ya mkeka. "Babu, hii ni mashine ya kuchezea. Wewe unataka kuoa. Sitakuuliza kama umeelewa. Nitakaa hapa kimya niangalie mkono wako."

"Mkono wangu una nini?"

"Mdomo umelelewa, babu, una adabu zake. Mkono haujalelewa. Mkono unakwenda pale unapoona pa kwenda. Ukienda siko, aliyekosea ni mimi niliyechora."

Mzee Kondo akatazama lile boksi. Mkono wake ukatoka wenyewe ukaenda kwenye duara kubwa la katikati. Atupele akalifuta, akaandika hapo hapo "Naoa". Mzee akabonyeza. Atupele akasema kwa mdomo, "Piii!"

"Nini hiyo?"

"Mashine inaitikia. Imekwambia imesikia."

"Ahaa," alisema Mzee Kondo, na hii haikuwa ile "aaah" ya ofisini, ilitoka chini zaidi. "Kwa hiyo nisibonyeze tena?"

"Usibonyeze tena."

Wakacheza hivyo mpaka chai ikaiva. Majirani wakachungulia, mmoja mmoja wakabonyeza boksi. Yule wa pasipoti alikosea, akaanza kuomba radhi, Atupele akamwambia, "Usiniombe radhi, baba, hapo nimeandika vibaya mimi," akafuta, akaandika "Nasafiri nje". Yule mzee karibu alie. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuona serikali ikikosea.

Wakati wa kuondoka Atupele akamwambia Mzee Kondo, "Keshokutwa Mkuu wa Wakuu anakuja kuzindua. Ukisema umeelewa, mashine ile inakwenda kila kata, na makarani wanafungiwa madirisha. Kurekebisha baada ya hapo haiwezekani, itabidi tungoje Mkuu mwingine."

"Na nikisema sijaelewa?"

Atupele akafikiri. "Sijui, babu. Haijawahi kutokea."

Siku ile Mzee Kondo hakumaliza chai yake. Alikuwa na gari la kazi, alikuwa na kiti cha mbele, na watoto mtaani walikuwa wanaiigiza shingo yake. Ng'ambo ya ua alimwona Bi Siwatu anakung'uta masanduku ya safari yatoke vumbi. Alikuwa anayakung'uta kwa nguvu kidogo, ili yasikike.

*

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Mkuu wa Wakuu alikaa kwenye kiti chenye miguu ya simba. Mheshimiwa Machibya alihutubia mpaka vivuli vikahama. Akasema mashine hii ni rahisi kiasi kwamba ina kitabu cha maelekezo kizito kuliko yenyewe. Akasema sasa neno la mwisho ni la Mwelewaji Mkuu wa Taifa. Bendi ikainua tarumbeta mdomoni, tayari.

Mzee Kondo akasimama mbele ya kipaza sauti. Kichwa chake, kwa mazoea ya miaka, kikashuka. Kikatulia pale chini. Watu wakangoja kipande juu. Kikakaa huko huko chini. Halafu akakiinua kidogo tu, akasema:

"Sijaelewa."

Jamani. Kuna mtu aliangusha soda, ikasikika inavyomwagika. Mpiga tarumbeta akatazama karatasi yake ya nyimbo, hapakuwa na wimbo wa hilo. Akaanza wa mazishi kidogo, akaona haukai, akauacha.

"Mzee anatania!" alisema Mheshimiwa Machibya huku jasho linamtoka. "Mzee wetu ana utani sana!"

"Sitanii, mheshimiwa. Nimekwenda kuoa nikapewa tela. Nimejaribu kurudi nyuma nikazaliwa. Mkono huu nimechanjwa. Sijaelewa, na mwezi unaandama kesho."

Mkuu wa Wakuu akainuka. Uwanja mzima ukainama. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kufungua hata mlango mwenyewe. Akaisogelea mashine kwa hatua za taratibu, akasema kwa sauti ya baba, "Mzee Kondo, mbona hili ni jambo dogo? Tazama. Unafanya hivi."

Akanyoosha mkono akabonyeza chekundu.

Kimya.

Akabonyeza tena. Mlinzi wake akasaidia kubonyeza. Mlinzi wa pili akaja akabonyeza mkono wa mlinzi wa kwanza. Mheshimiwa Machibya akawa anatazama mbinguni kama anayesubiri mvua. Injinia Atupele alikuwa nyuma ya bendi, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, anauangalia ule mkono tu.

"Kinaringa," alisema Mkuu wa Wakuu mwisho wa yote.

"Hicho ni urembo, mkubwa," alisema Mzee Kondo kwa upole. "Cha kuanzia kiko nyuma. Unapiga magoti."

Mkuu wa Wakuu akautazama uwanja. Uwanja ukamtazama yeye. Na kutoka katikati ya umati, sauti ya mama mmoja, nadhani ni yule wa foleni, ikasema, "Hata sisi tulianza na hicho hicho, baba!" Kicheko kikaanzia pale, kikaogopa kidogo, kikaona hakikamatwi, kikazunguka uwanja wote. Mpaka Mkuu mwenyewe akacheka, na alipocheka yeye, Mheshimiwa Machibya akacheka kuliko wote.

*

Serikali ile msiidharau, ilikuwa hodari wa kuchukua hatua. Siku hiyo hiyo Baraza la Waelewaji likavunjwa. Siku hiyo hiyo likaundwa Baraza la Wasioelewa, lenye ofisi zile zile, magari yale yale na chai ile ile, na Mzee Kondo akatangazwa kuwa Asiyeelewa Mkuu wa Taifa. Sharti likawa moja, likasomwa kwenye redio: mjumbe wa Baraza hatasema "nimeelewa", kazini wala nyumbani, akiwa macho au akiota. Atakayesema amejifuta kazi. Na Mzee Kondo akawekewa afisa wa kumfuata kila aendapo, kuhakikisha haelewi.

Injinia Atupele akapewa mafundi na maboksi ya sabuni kadiri atakavyo. Walifanya kazi usiku kucha barazani kwa Bi Siwatu, watu wanabonyeza, yeye kimya, anafuta, anachora. Kesho yake mchana mashine ilikuwa na sura nyingine. Vitufe vichache, vikubwa, vimeandikwa maneno ya kibarazani: Nimezaliwa. Naoa au naolewa. Nimehama. Nimefiwa. Ukibonyeza inalia "piii". Na chini yake kimoja kipana kimeandikwa "Nimekosea, nirudishe".

Kile chekundu Mheshimiwa Machibya alikataza kisiondolewe, mke wake asingemwelewa. Atupele akakiunganisha na hotuba ya waziri, ukikibonyeza unaisikiliza yote. Tangu hapo watu wakajifunza kutokigusa.

Mzee Kondo alikuwa wa kwanza. Akabonyeza "Nimekosea, nirudishe". Mashine ikalia, ikaandika kwa herufi kubwa: "Pole. Tulikuchanganya sisi. Umri wako umerudi, na matela yamefutwa." Akasoma, akamwita Bi Siwatu asome, akasoma tena mwenyewe. Halafu akabonyeza "Naoa au naolewa".

Ndoa ikafungwa jioni ile ile, uani, watu tayari wako juu ya mapaa wanautafuta mwezi. Shehe alikuwepo, majirani walikuwepo, Atupele amekaa na wanawake, na yule afisa wa Baraza amekaa pembeni na kalamu yake, masikio wima. Mwana wa Bi Siwatu naye alikuja kutoka bandarini, alikuwa amekuja kubeba mizigo, akapewa sinia la pilau abebe hilo.

Shehe akamsomea Mzee Kondo wajibu wa mume. Amlishe mkewe, amvike, amsikilize, amstahi, asimnyamazie akikasirika. Akasoma vizuri, pole pole. Kisha, kama ilivyo desturi ya nchi ile, akauliza:

"Bwana Kondo, umeelewa?"

Mzee Kondo akafungua mdomo. Afisa akainua kalamu. Mzee akamtazama afisa, akamtazama shehe, akamtazama Bi Siwatu chini ya kanga yake mpya.

"Sijaelewa," akasema.

Shehe akaduwaa. Wanawake wakashika vifua. Kila mtu akamgeukia Bi Siwatu.

Bi Siwatu akaifunua kanga usoni. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Endelea, shehe, fungisha," alisema. "Marehemu alisema ameelewa siku ya kwanza tu, nikaishi naye maisha mazima nikingoja aelewe. Huyu angalau ataniuliza."

Na kutoka juu ya paa mtu akapiga kelele kwamba ameuona.